Tone Moja la Mafuta

Katika mji wa Bunia, jimboni Ituri nchini Kongo, magharibi inapokaribia na vumbi jekundu la Boulevard de la Libération linapoanza kutua juu ya mabati, hutendeka katika baraza za mafundi wa nguo jambo dogo ambalo mpita njia halioni, na hata akiliona halimsimamishi. Mshonaji huacha kukanyaga, hukata uzi, huinua sindano, kisha huchukua kichupa chembamba na kutia tone moja la mafuta katika kila tundu la cherehani yake, moja huku na moja kule, bila haraka na bila kusahau hata tundu moja. Mteja aliyekuja kudai libaya yake hudhani ya kuwa kazi ya siku imekwisha, na kumbe hiyo nayo ni kazi, tena ndiyo inayozibeba nyingine zote. Kila nilitazamapo tendo hilo huniingia fikra kwamba ndani yake mna elimu ambayo sisi watu wa Ituri tunaihitaji mno, na ambayo tumeitafuta katika hotuba na mikutano mikubwa, hali ilikuwa barazani petu wakati wote, mikononi mwa watu ambao hakuna aliyepata kuwauliza rai yao.

Cherehani zilizo nyingi katika mji huu hazitegemei umeme, na kwa kutoutegemea zimepata uhuru ambao vyombo vingi vya kisasa vimeukosa. Maana umeme wetu huja na kuondoka bila kuaga, lakini mguu wa mshonaji u pale pale. Ni cherehani za kukanyaga, zenye kichwa cheusi cha chuma juu ya meza ya mbao na gurudumu kubwa chini yake, na aghalabu zimetoka Shanghai kwa jina la Butterfly. Umbo lao ni lile ambalo kampuni ya Singer ililibuni katika karne ya 19 na kulipa namba 15, ambalo Wajapani waliliiga baada ya Vita Kuu ya Pili na Wachina wakaliendeleza. Mara moja moja huonekana bado Singer ya asili, iliyotoka katika kiwanda cha Clydebank, nchini Uskoti, ambacho katika mwaka 1913 peke yake kilitengeneza cherehani zaidi ya milioni moja, na ambacho kilifungwa mwaka 1980. Hapo pana ibra kwa mwenye kuzingatia: kiwanda kile kikubwa hakipo tena, mabwana zake wamekwisha kufa na wafanyakazi wake wametawanyika, lakini cherehani iliyozaliwa humo ingali ikishona kanzu za watoto wachanga katika mji ambao waundaji wake hawakupata kuusikia. Haikuishi kwa nguvu ya chuma, kwani chuma nacho huliwa na kutu. Imeishi kwa sababu katika kila kizazi ulikuwako mkono mmoja, usiojulikana jina, uliokumbuka kuitazama.

Na kuitazama huko huanza kwa usafi, na usafi huanza mahali pasipoonekana. Chini ya bamba dogo linalong'aa, pale sindano inapozama, yamo meno ya kusogezea kitambaa, na baina ya meno hayo, siku hata siku, hukusanyika manyoya ya nguo: utembo wa pamba wa vikwembe, nyuzi za buluu za sare za wanafunzi, mabaki ya rangi za kila harusi na kila matanga yaliyopita chini ya sindano ile tangu bamba lilipofunguliwa mara ya mwisho. Vumbi la kiangazi huingia humo, likakutana na mafuta ya jana na kuwa utando mgumu wa rangi ya kijivu, ambao hukiinua kitambaa kidogo kidogo mpaka meno yasiweze kukishika. Mama mmoja mshonaji wa makamo, mwenye baraza yake katika mtaa wa Mudzipela, ampokeapo binti wa kumfundisha hamwonyeshi kwanza kushona, humpa bisibisi na mswaki mkuukuu na kumwambia, “Mwanangu, fungua kwanza, uone alichokiacha mwenzako.” Binti hulegeza parafujo, huliondoa bamba, hukitoa kijumba cha bobini, na kwa ncha ya sindano huvuta kutoka mle ndani ukanda wa manyoya yaliyoshikana, mrefu kuliko kidole chake, naye hushangaa kwamba cherehani ilikuwa ikishona na haya yote tumboni. Akitaka kupuliza kwa kinywa, mama humzuia, maana pumzi huyasukuma manyoya ndani zaidi na kuacha unyevu juu ya chuma; uchafu huvutwa nje, hausukumwi ndani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walinena wahenga, na mimi naongeza kwamba kuinama huko si unyonge, kwa kuwa mengi yanayotuangusha hukaa chini ya usawa wa macho yetu, na mtu asiyekubali kuinama huishi akishindana na matokeo ya mambo ambayo sababu zake hajapata kuziona.

Mafuta nayo yana adabu yake. Yatakiwayo ni yale mepesi, maangavu, yaliyotengenezwa kwa ajili ya cherehani. Si mafuta ya mawese, ambayo ni neema ya vyungu vyetu, wala si ya nazi, ambayo ni neema ya ndugu zetu wa pwani, kwa kuwa mafuta ya kupikia yakikaa juu ya chuma hukauka yakawa gundi, na kilichokusudiwa kulainisha kikawa ndicho kifungacho. Cherehani iliyofungwa hivyo huponywa kwa mafuta ya taa: hutiwa katika matundu yake, ikazungushwa kwa kasi mpaka gundi ilegee, ikapanguswa vema, na ndipo ikatiwa mafuta yake ya halali. Fundi anayeshona kutwa hutia kila siku, na anayeshona kwa nadra hutia kwa nadra; lakini kwa wote wawili kipimo cha kila tundu ni tone moja, kwani la pili halina kazi ila kusubiri kitambaa cheupe cha mteja. Kwa hiyo baada ya kutia mafuta hushonwa kwanza kitambaa kibovu, mpaka ziada yote iishe. Na mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na la juu haupakwi hata kidogo, maana kazi yake ni kushika, na ukilainishwa utateleza bure. Nimeona katika hayo hukumu juu ya wema wenyewe, ambao watu wengi hudhani hauna kipimo. Pako mahali ambapo upole ndio dawa, na pako mahali ambapo upole huharibu, panapotakiwa mshiko. Na ziada ya jambo zuri huweza kuacha doa lisilofulika. Mwenye hekima si yule mwenye chupa kubwa, bali ni yule ajuaye tundu lilipo na akajua pa kukomea.

Katika maradhi yote ya cherehani hakuna linalonifikirisha kama lile la uzi kujisokota chini ya kitambaa. Juu mshono huonekana kama kawaida, lakini ukikigeuza kitambaa wakuta msukosuko, nyuzi zimelundikana na kufungana hata mkasi hauna pa kuingilia. Mwanagenzi hukunja uso, akaitoa bobini, akailaumu, akaikaza na kuilegeza parafujo yake ndogo mpaka akaiharibu iliyokuwa nzima. Na fundi aliyekomaa, bila hata kuinua sauti, huuchomoa uzi wa juu na kuupitisha upya. Kwa maana kosa lilikuwa juu. Uzi wa juu haukuingia baina ya visahani vya kuukazia, na mara nyingi ni kwa sababu ulipitishwa hali mguu wa kubania umeshushwa na visahani vimejifunga; ukakosa wa kuuzuia, ukashuka ovyo, na fujo yake yote ikadhihirika kwa yule wa chini, ambaye hakutenda lolote ila kuipokea. Siwezi kulitazama jambo hili nisiikumbuke nchi yetu. Watu wa mbali waliposikia habari za mapigano ya Djugu na Irumu, wilaya zetu mbili, walikigeuza kitambaa, wakaona vijiji vilivyochomwa na majirani walioshikiana mapanga, wakasema uovu u katika watu wale. Hawakutazama juu, ilikokuwa tamaa ya dhahabu ya Kilo na Mongbwalu, na silaha zilizovushwa mipakani, na wakubwa walioshusha amri bila kizuizi. Simtakasi aliyeua, kwa kuwa kila mkono utaulizwa ulichotenda. Nasema tu kwamba anayeikaza bobini kila siku, asiuguse uzi wa juu hata mara moja, hatapata mshono, ajapokuwa mwema na ajapokuwa mvumilivu.

Mshono ulio sawa hufanywa na nyuzi mbili zisizofuata njia moja. Sindano huushusha uzi wa juu kupita katika kitambaa. Inapoanza kupanda, uzi ule huacha kitanzi kidogo, na ndoano iliyo chini hukidaka kitanzi hicho na kukizungusha bobini nzima, ndipo mkono wa kuvutia uzi huukaza, na zile nyuzi mbili zikapeana mkono ndani ya unene wa kitambaa, mahali ambapo jicho halifiki. Kila mmoja huonekana kwa upande wake, na kifungo chao huwa siri yao. Lakini uzi mmoja ukivuta kuliko mwenziwe, wa pili huibuka upande usio wake, na ule wenye nguvu hulala umenyooka juu ya kitambaa; mwenye pupa hudhani huo ndio ushindi, na ndio udhaifu wenyewe, kwani uzi ulionyooka hushikwa ncha ukavutwa, na mshono mzima ukafumuka kwa mvuto mmoja. Wahema na Walendu, Wangiti na Wabira, Waalur na Walugbara, Wanyali na Wanande, na wengine wote ambao Mola amewaweka katika ardhi hii baina ya msitu na Ziwa Albert, hawahitaji kuwa uzi mmoja. Wanahitaji mkazo wa insafu, ambao huupimi siku moja ukaishi nao milele. Kwa kila kitambaa kipya, kizito au chepesi, fundi huanza kwa kushona kipande cha majaribio, akatazama juu, akatazama chini, akarekebisha. Haki nayo yataka kupimwa upya kwa kila kizazi na kila shamba, na hakuna aibu katika kuipima mara nyingi.

Dunia haikuipokea cherehani kwa taadhima tangu mwanzo. Mwaka 1831, mjini Paris, washonaji waliohofia riziki zao waliivamia karakana ya Barthélemy Thimonnier, wakazivunja cherehani 80 alizozitumia kushonea sare za jeshi. Hofu yao ilikuwa na haki, ingawa nyundo zao hazikuwa na hekima. Baadaye Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake mwaka 1851, na chombo kikaenea mabara yote, hata Gandhi, aliyezihofia mashine kwa jinsi zinavyomnyang'anya maskini kazi, akaitoa cherehani katika lawama yake na kuihesabu miongoni mwa vitu vichache vyenye manufaa vilivyopata kubuniwa. Sisi wa Bunia tumeyaona yaliyo kinyume na ya Paris. Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka na mapigano yakaushika mji, kabla ya kikosi cha Artemis cha Umoja wa Ulaya kuwasili mwezi wa Juni, walikuwako mafundi waliokimbia na cherehani mabegani. Na tangu mwisho wa mwaka 2017, machafuko yaliporudi Djugu, walikuwako tena waliofanya hivyo hivyo, wakafika katika kambi za wakimbizi kama ile ya Kigonze. Kichwa cha cherehani hushikwa mezani kwa bawaba mbili. Ukilegeza parafujo zake hutoka chote, na ingawa uzito wake hupita kilo kumi, mtu mmoja aliyekata shauri aweza kukibeba. Meza huachwa, gurudumu huachwa, na nyumba huachwa. Na mwenye kichwa hicho afikapo salama hukiweka juu ya sanduku, hukipangusa mvua ya njiani kabla haijawa kutu, hukitia mafuta ya kuazima, na huanza kukizungusha kwa mkono. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na aliyesema maneno hayo naamini alipata kuviona vita.

Cherehani huonya kabla haijaharibika, kama alivyo kila kiumbe mwenye subira. Sindano iliyopinda au kufa ncha hutoa mlio mdogo kila itoboapo kitambaa, tena huanza kuruka mishono. Na wajuzi huibadilisha baada ya takriban saa nane za kushona, hata kama machoni ingali nzuri, kwa kuwa bei yake ni ndogo na bei ya kikwembe kilichochanika si ndogo. Chuma kilichokauka huguna kwanza, kisha hulia, kisha hukaza mguu wa mkanyagaji, na mwisho husimama. Dalili ya mvua ni mawingu. Walakini kelele za mtaani ni nyingi, pikipiki hazina idadi, na mlio mdogo hausikiki ila kwa aliyezoea kusikiliza. Fundi mwema huijua sauti ya afya ya cherehani yake, na kwa kuijua hiyo huitambua iliyougua. Ndivyo ilivyokuwa katika vijiji vyetu, ambako wazee walioijua sauti ya amani waliweza kusikia, katika ugomvi wa mpaka wa shamba au maneno ya kilabuni, mguno wa kwanza wa jambo ambalo wengine hawakulisikia mpaka lilipopiga mayowe. Nasi tulipoacha kuwasikiliza wazee hao, tulikuwa tumetupa sikio la nchi.

Ajabu ya matunzo ni kwamba matunda yake hayaonekani. Anayetengeneza kilichovunjika huonekana, husifiwa na hulipwa, kwa kuwa watu walikiona kikiwa kimekufa na sasa wanakiona kiko hai. Lakini anayekitunza kitu kisivunjike hana cha kuonyesha ila siku iliyopita bila tukio, na siku bila tukio haiandikwi katika daftari lolote. Nani aliyepata kumshukuru fundi kwa sindano ambayo haikukatika ndani ya nguo ya bibi harusi? Kwa sababu hiyo binadamu, ambaye hupenda kuonekana, huelekea zaidi kutengeneza kuliko kutunza, na huona fahari kujenga ukuta kuliko kuziba ufa. Katika Ituri tumezishuhudia sherehe nyingi za kutengeneza: mapatano yaliyotiwa sahihi, mikono iliyoshikana mbele ya wapiga picha, wageni waliokuja kwa ndege na kuondoka kwa ndege. Siyadharau hayo, maana kilichovunjika hakina budi kutengenezwa. Lakini baada ya sahihi huja asubuhi ya kawaida, na mchana wa kawaida, na soko, na kisima, na shule, na hapo ndipo amani hutunzwa au huachwa ikauke. Na watunzaji wake ni watu wadogo, mwalimu anayewachanganya watoto katika dawati moja, mchuuzi anayemuuzia kila mtu kwa bei ile ile, mama anayekataa kurudia barazani neno la uchochezi alilolisikia kisimani. Hao hawapigwi picha, na kazi yao hujulikana siku wanapoiacha.

Basi nina ombi, nalo ni dogo kwa kulitazama. Mashirika na makanisa ya mji wetu huwapa wajane, na vijana waliomaliza mafunzo, cherehani mpya kwa ajili ya kuanzia maisha, na hiyo ni ihsani ambayo Mungu hatakosa kuilipa. Laiti pamoja na kila cherehani ingetolewa chupa ya mafuta yake, brashi, bisibisi na pakiti ya sindano, na kabla ya hivyo vyote, siku za kutosha za kujifunza kuifungua, kuisafisha na kuifunga, hata mwenye kuipokea asiwe mtumwa wa fundi wa kutengeneza, bali awe mlinzi wa riziki yake mwenyewe! Kichwa kisichotunzwa huwekwa uvunguni kabla ya miaka mingi kupita, na matumaini ya mtu hulala pamoja nacho. Na elimu hiyo isikomee kwa washonaji. Mtoto wa Bunia afundishwe tangu shuleni kwamba kulinda kizima ni kazi ya heshima sawa na kuunda kipya, naye akikua akapewa madaraka juu ya barabara, hospitali au jimbo zima, tusimpime kwa majiwe ya msingi aliyoyaweka peke yake, bali tumuulize kwa taadhima na bila kumwonea haya: katika zamu yako, ni nini kilichosalimika?